Ngao ya O'Neill si ya kila O'Neill
Makala nzuri, ila kwenye nembo umepita mbio. Akina O'Neill wa Ulster, Ireland, wanatokana na Niall Glúndub, mfalme aliyeuawa akipigana na Waviking karibu na Dublin mwaka 919. Jina lake walilibeba wajukuu. Ule mkono mwekundu kwenye ngao yao, kati ya simba wawili, una kisa chake: mashua zinashindana, atakayegusa nchi kavu kwanza anaitwaa, jamaa mmoja kuona anaachwa, akajikata kiganja akakirusha ufukweni. Hekaya, lakini tamu! Ila ngao hiyo si ya kila mwenye jina hilo; wauza vikombe vya "nembo ya jina lako" wanawapiga watu tu. Ngao hupewa mtu na kizazi chake, na huko Ireland anayetaka yake huiomba kwa Mkuu wa Nembo, Dublin.