Mhuri Mmoja Unatosha

Anayetoka Mjini Unguja kwenda Paje hupita Tunguu. Hapo Tunguu vipo vyuo vikuu viwili, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Zanzibar, na katika vijiji vya Wilaya ya Kati vinavyovizunguka wako wakulima wa mdalasini, pilipili manga, hiliki na manjano. Baina ya darasa la kemia na shina la mdalasini ni mwendo wa miguu. Lakini katika fikra za watumishi wengi wa umma, darasa lile na shina lile vimo katika nchi mbili tofauti, na kwa sababu ya fikra hizo mkulima anaendelea kupunjwa.

Zamani bidhaa ya mnyonge ilizuiwa bandarini kwa ushuru, na kila mtu aliuona ukuta ule. Siku hizi ukuta huo umebomolewa sehemu nyingi. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umeziruhusu nchi zenye maendeleo duni kabisa, Tanzania ikiwemo, kuingiza mazao yao bila ushuru, isipokuwa silaha. Mdalasini wa Unguja, kwa hiyo, hautozwi kitu. Huulizwa karatasi. Umepimwa wapi? Kwa kiwango gani? Maabara iliyoupima ina ithibati ya nani? Mkulima asiyekuwa na jibu hurudishwa nyumbani kama vile aliyeshindwa kulipa ushuru, na tena hana wa kumlaumu, kwani hapana aliyemtoza.

Chukueni mfano wa kilimo hai. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake yenyewe cha mazao yanayolimwa bila mbolea za viwandani wala dawa za sumu, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Kilikuwa kiwango cha pili cha kikanda duniani, kikitanguliwa na kile cha Ulaya peke yake. Hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia. Wakati huo Ulaya ilikubali wakaguzi wake wapime mazao ya nchi za nje kwa kanuni zenye uzito sawa na zake, si lazima neno kwa neno. Kisha ikaja sheria mpya ya Ulaya, namba 848 ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2022. Kwa sheria hiyo, njia ya kanuni zenye uzito sawa kupitia wakaguzi hao ilifungwa mwisho wa mwaka 2024. Sasa mkulima wa Unguja hana budi afuate kanuni za Ulaya zenyewe. Kikundi chake lazima kisajiliwe kisheria, kisizidi watu 2,000, na kila aliyemo awe mkulima mdogo kwa kipimo kilichowekwa Brussels.

Wako watakaosema huu ni ubeberu uliovaa koti jeupe la maabara. Hawakukosea sana. Mwenye soko anapojitungia kanuni peke yake na kuwataka maskini wa dunia wazitimize kwa gharama zao, jina la jambo hilo halihitaji kutafutwa mbali. Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya Mwanza hawajasahau kwamba mwisho wa mwaka 1997 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza waziwazi kwamba kupiga marufuku samaki haikuwa njia iliyofaa. Mlango haukufunguliwa ila katikati ya mwaka 1998, na kibarua aliyepoteza mshahara wa miezi ile hakulipwa na mtu.

Hata hivyo kelele za ubeberu, zikisimama peke yake, ni kimbilio la wavivu. Sheria ile ya kilimo hai haikutungwa gizani. Ilitangazwa mwaka 2018, na mlango ukafungwa miaka sita baadaye. Katika miaka sita mwanafunzi anayeingia chuo Tunguu hupata shahada na kuanza kazi. Ndani ya muda huo ni vikundi vingapi vya viungo vilivyoelezwa habari hiyo kwa Kiswahili, na ofisa wa serikali aliyeketi nao chini? Swali hilo wanaulizwa watumishi wa umma, hawaulizwi Wazungu.

Tena si kila kipimo ni hila. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliwafika wananchi wa Dodoma na Manyara. Anayedai ukaguzi wote uondolewe ili biashara ipate nafasi, na adai pia jukumu la makaburi yale. Ndiyo maana Jumuiya iliweka kikomo cha sehemu 10 za sumu hiyo katika sehemu bilioni moja za mahindi, na kikomo hicho ni cha haki. Kosa lilionekana Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda yote kwa jumla, mazima na mabovu, malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liligeuzwa kuwa masharti ya usajili na vyeti. Kama nchi hizi zingekuwa zimekwisha kuaminiana katika vipimo, shehena mbovu ingerudishwa na shehena safi ingepita. Sheria ya kuaminiana huko ilikuwapo tangu mwaka 2006, Jumuiya ilipotunga Sheria ya Viwango, Ubora, Vipimo na Ugezi. Iliyokosekana ni nia ya kuitumia.

Lakini kabla ya kumnyooshea kidole jirani, na itazamwe nyumba yenyewe. Viwango havimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Bara lipo Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Zanzibar ipo Taasisi ya Viwango, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kuwa na taasisi mbili si kosa. Ni haki ya kila upande kwa mujibu wa Katiba. Aibu ni malalamiko ya miaka mingi ya wafanyabiashara kwamba bidhaa iliyokwisha kupimwa upande mmoja wa bahari hupimwa upya na kulipiwa upya upande wa pili, baada ya safari ya boti ya saa mbili. Iwapo alama ya ubora ya Nairobi inastahili kukubaliwa Dar es Salaam kwa sheria ya Jumuiya, je, alama ya Unguja istahili kwa nguvu gani zaidi ya Muungano wenyewe wa mwaka 1964?

Wapo wanaoupenda mhuri kwa sababu unaingiza ada. Hao waambiwe bila kuoneana haya kwamba ada ya kipimo cha pili hailipwi na tajiri. Huongezwa katika bei ya sabuni na unga anaonunua mwalimu wa skuli, au hukatwa katika bei anayopewa mkulima. Kipimo kimoja, katika maabara yenye ithibati ya kimataifa, kitambuliwe pande zote mbili. Na pale ambapo maabara haijapata ithibati, fedha zielekezwe hapo kwanza, kabla ya magari na semina. Cheti cha maabara isiyoaminika nje ya geti lake hakimfai mkulima kitu.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani juu ya vikwazo vya kiufundi, ambao umeibana Tanzania tangu mwaka 1995, unamtaka kila mwanachama atangaze rasimu ya kanuni kabla ya kuipitisha, pale inapoachana na viwango vya kimataifa na kuweza kugusa biashara ya wenzake. Desturi iliyokubaliwa ni kuwapa wengine siku 60 za kutoa maoni. Mwaka 2023 pekee matangazo yaliyotolewa chini ya mkataba huo yalipita 4,000. Kwa Tanzania, kituo cha kuyapokea ni Shirika la Viwango, Dar es Salaam. Nchi isiyojibu ndani ya siku zile huhesabiwa kuwa haina la kusema.

Ni kazi kubwa, na haiwezi kuachiwa maofisa wachache wa Dar es Salaam. Walimu wa kemia, wa kilimo na wa sheria wako Tunguu, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wako hapo hapo. Wizara ya biashara ya Zanzibar iwafikishie kila rasimu inayogusa karafuu, mwani, viungo na samaki, iwaombe maoni kwa maandishi, na iyapeleke kwa jina la nchi. Na mkulima wa Wilaya ya Kati aitwe mezani aulizwe, kwani yeye ndiye anayejua mdalasini hukaushwa vipi msimu wa masika. Rasimu zinaendelea kutangazwa, na siku 60 za kila moja huanza kuhesabiwa siku inapotoka, si siku faili linapofunguliwa.