Tahariri: Bima ya Afya ya Wazee Wetu – Tuchague kwa Haki na Busara



Katika familia nyingi za Kalinzi siku hizi kuna swali lisilokwepeka. Watoto walioko Kigoma mjini, Mwanza au Dar es Salaam wanataka kuwakatia wazazi wao bima ya afya. Mmoja anasema bima ya serikali inatosha. Mwingine anashikilia kwamba pasipo kadi ya kampuni binafsi mzee hatatibiwa ipasavyo. Ndugu hawaelewani, na wakati wanabishana mzee anaendelea kuumwa. Kwa kuwa jambo hili linagusa utu wa mzee na mfuko wa familia, tumeona vema kulitafakari pamoja nanyi.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, na mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi kwa watumishi wa umma. Mwaka 2018 mfuko wa jamii uliboreshwa, kaya ya watu 6 ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Hatimaye, Novemba 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo imeweka pia mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo.

Kabla ya kuzungumzia kadi yoyote, ni lazima tuseme wazi kwamba mzee maskini ana haki ambayo hainunuliwi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Katiba yetu, Ibara ya 11, inataja haki ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee na maradhi. Baba Mtakatifu Yohane XXIII alifundisha hayo hayo mwaka 1963 katika waraka wake Pacem in Terris. Kwa hiyo mzee anayefika dirishani na kitambulisho chake haombi sadaka. Anadai haki yake.

Sasa tuitazame bima ya serikali. Nguvu yake ni mshikamano. Vijana na wenye afya wanachangia, wagonjwa na wazee wanatibiwa, kama ilivyo katika vikundi vyetu vya kufa na kuzikana. Mtumishi aliye mwanachama wa Mfuko wa Taifa huweza kumwandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwao. Mtumishi wa umma anapostaafu, yeye na mwenzi wake huendelea kutibiwa. Hata hivyo udhaifu wake tunaujua: foleni ndefu, dawa zisizopatikana, na mzee kuambiwa akanunue dukani. Tena, Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama wa Mfuko huo kwa sababu ya mvutano juu ya bei mpya za huduma.

Bima ya kampuni binafsi nayo ina mazuri yake. Mara nyingi mgonjwa hahangaiki sana na foleni, na hospitali kubwa za mijini humpokea kwa haraka. Lakini kampuni ni biashara, nayo huhesabu hatari ya kila mtu. Kwa kawaida ada hupanda kadiri umri unavyopanda. Kampuni nyingi huweka ukomo wa umri kwa mwanachama mpya, na huweza kukataa au kuchelewesha kugharimia ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla, kama kisukari au shinikizo la damu. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Kwa hiyo bima ya mzee isipimwe kwa uzuri wa mwaka wa kwanza. Ipimwe kwa miaka ya mwisho, mzee anapohitaji tiba zaidi na pengine mtoto aliyekuwa akilipa amepoteza kazi.

Kwa maoni yetu, familia nyingi za hapa zianze na mpango wa umma. Mzee wa Kalinzi hutibiwa kwanza katika zahanati au kituo cha afya. Akizidiwa hupelekwa Hospitali ya Mkoa Maweni, na kwa magonjwa mazito hupelekwa Bugando, Mwanza. Kadi isiyopokelewa katika njia hiyo haina faida, hata ikiwa ya bei kubwa. Mwenye uwezo anaweza kuongeza bima binafsi, mradi asiiache ile ya umma.

Kabla ya kutia sahihi, familia ikae kikao na mzee mwenyewe awepo. Iulize: kadi hii inapokelewa hospitali zipi za Kigoma? Inagharimia dawa za kila mwezi, miwani na upasuaji wa macho? Kuna muda wa kungoja? Mwakani ada itakuwa kiasi gani, na nani ataendelea kulipa? Wakala asiyetaka maswali hayo yajibiwe kwa maandishi asipewe fedha. Fedha za ada zitengwe msimu wa kahawa, kabla hazijamalizwa na shughuli nyingine.

Viongozi wa jumuiya wana kazi pia. Wazee wengine wana jina la ubatizo kwenye karatasi moja na jina la Kiha kwenye nyingine, au hawajui mwaka waliozaliwa. Tuwasaidie mapema kusahihisha, na vitabu vya ubatizo vya parokia vitumike pale vinapoweza kusaidia. Tuwaorodheshe wazee wasio na mtoto wa kuwalipia, tuwafikishe kwa serikali ya kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii, na tufuatilie hadi wapate vitambulisho.

Kwa wenye mamlaka tunasema kwa heshima: kadi bila dawa ni karatasi tu. Wananchi wakiitwa kuchangia, wana haki ya kujua dawa zilizofika kituoni na matumizi ya michango yao. Waulize katika mkutano mkuu wa kijiji.

Nasi watoto, tusidhani kwamba tukishalipa ada tumeimaliza Amri ya Nne. Kadi haimshiki mzee mkono kumpandisha garini, wala haimkumbushi kumeza dawa usiku. Kumkatia mzazi bima ni wajibu, na kumsindikiza hospitali ni wajibu vilevile.