Matanuru ya Ufipa na Mvulana wa Shule

Mwalimu wa kemia katika sekondari mojawapo mjini Sumbawanga, afundishapo namna chuma kinavyotolewa katika mawe yake, aghalabu huchora ubaoni tanuru la kiwanda cha Ulaya. Wanafunzi hunakili mchoro, nao huondoka wakiamini kwamba elimu hiyo ilizaliwa mbali. Hata hivyo katika uwanda huo huo wa Ufipa, ulio mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, yangali mabaki ya matanuru ya udongo waliyoyajenga wenyeji, yaitwayo malungu.

Ilungu moja lilikuwa na kimo cha mita 3 hivi, nalo lilijazwa mkaa na mawe ya chuma. Halikuhitaji mivukuto. Hewa iliyopata joto ilipanda, na hewa baridi ikavutwa ndani kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini. Mkaa ulipoungua katika hewa haba ulitoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ikayanyang'anya madini oksijeni yake. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, joto ambalo ilungu halikufikia. Kwa hiyo kilichopatikana ni bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, kisha mhunzi akalifua kuwa jembe. Profesa Bertram Mapunda ni miongoni mwa wataalamu walioichunguza kazi hii.

Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, na mvulana aliifunza kwa macho na mikono kando ya wakubwa wake. (Wanawake walizuiwa kulikaribia tanuru, desturi hiyo haistahili kufufuliwa, na wasichana wa leo hawana sababu ya kuachwa nje ya somo hili.) Majembe ya viwandani yalipoingia, na kodi ya kikoloni ilipowalazimu wanaume kutafuta fedha, wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Malungu yakazimika. Hasara haikuwa ya chuma peke yake: mvulana alipotewa na mahali pa kuonekana kuwa anafaa, na mzee akapotewa na mtu wa kumrithisha.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule humfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa waliosoma. Onyo hilo halijapitwa na wakati. Kijana anayeambiwa kila siku, japo kwa kunyamaza tu, kwamba baba yake hajui kitu, huingiwa na aibu ya nyumba yao. Akishindwa mtihani hulirudia shamba alilokwisha kufundishwa kulidharau, na hapo ndipo wengi huanza kupotea. Mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024 katika baadhi ya sekondari, umefungua mlango; lakini ukileta mashine za kuchomelea bila kumwalika mhunzi wa kijiji, kosa litakuwa lile lile.

Gharama si kisingizio. Wanafunzi wa kemia waende kwenye ilungu lililo karibu, wapime kimo chake, wahesabu matundu ya mirija, wajaribu mavi ya chuma kwa sumaku, kisha waache kila kitu mahali pake. Wa biolojia wachunguze ntumba, tuta la mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze na kuurutubisha udongo: wapime joto la ndani, walilinganishe na la udongo wa pembeni. Somo hilo lifanyike katika shamba la mzazi, mzazi akieleza kwanza na mwalimu akifuata. Barua za kuwaalika wazee ziandikwe muhula huu. Mvua za kila mwaka zinayamomonyoa malungu, na waliosimuliwa habari zake na baba zao hawaongezeki.