Treni ya Lobito inapita Mutshatsha. Je, itasimama?

Siku hizi kila mtu anaongea juu ya Korido ya Lobito: Washington, Luanda, Kinshasa. Mwezi wa 12 mwaka 2024 Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, alifika mpaka Lobito, Angola, akakutana na marais wa Angola, Kongo na Zambia kwa ajili ya reli hiyo. Ukiangalia ramani, kati ya Kolwezi na Dilolo utaona jina tunalolijua: Mutshatsha. Basi tuulize wazi: pahali treni inapita tu, wenyeji wanapata nini?

Reli si ya leo

Njia hii ilikamilika mwaka 1931, shaba ya Katanga ikaanza kwenda moja kwa moja mpaka bahari ya Atlantiki. Upana wa reli uko sawasawa Kongo na Angola, milimita 1067, njo maana wagoni inavuka mpaka bila kupakuliwa.

Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga njia. Manganeze ya Kisenge ikakosa pa kutokea. Kiisha, mwezi wa 3 mwaka 1977, waasi wa FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga, walitoka Angola wakafuata reli hiihii, na tarehe 25 wakashika Mutshatsha. Walikuwa wanaelekea Kolwezi. Mobutu alisaidiwa na askari wa Maroko, na mwezi uliofuata mji ukarudi mikononi mwa serikali. Wazee wetu wanakumbuka. Ubaya wa kukaa kando ya njia tunaujua. Uzuri wake bado.

Nani anapakia, nani anangoja

Upande wa Angola Wachina walitengeneza reli upya, ikafunguliwa mwaka 2015. Tangu 2023 inaendeshwa na Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, kwa mkataba wa miaka 30. Upande wetu iko mikononi mwa SNCC, na reli imezeeka.

Hata hivyo, mwishoni mwa 2023 tani karibu 1.100 za shaba ya Kamoa-Kakula zilitoka Kolwezi zikafika Lobito kwa siku 8. Kamyo inayopita Kasumbalesa kwenda Durban inaweza kumaliza wiki nyingi. Ndiyo sababu, mwaka 2024, Kamoa ilijiwekea nafasi ya tani 120.000 mpaka 240.000 kwa mwaka. Mkulima wa Mutshatsha mwenye mifuko kumi ya mahindi hana mkataba kama huo, na hakuna aliyemwita kuandika.

Sheria inaangalia shimo, haiangalii reli

Wengi wanafikiri madini ikipita kwao, makuta nayo itabaki kwao. Sheria haisemi hivyo. Kodi ya Madini ya 2018 inadai redevansi ya asilimia 3,5 kwa shaba na 10 kwa kobalti. Pesa hiyo inagawanywa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au sheferi ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Maana yake, sheferi zenye migodi karibu na Kolwezi ziko na haki ya kudai ile 15. Lakini kijiji cha mbali, magharibi, ambako wagoni zinapita usiku na mchana, hakina haki hiyo hata kama kiko teritware moja na migodi.

Kwa hiyo faida yetu haitatoka ndani ya wagoni za shaba. Itatoka kwa wagoni zetu wenyewe. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, nasi wa Lualaba na Haut-Katanga tuliona namna unga ulivyopanda bei, kwani bukari yetu mingi inatoka kule. Udongo wa Mutshatsha unalimika. Kinachokosekana ni njia ya kufikisha mahindi na muhogo soko la Kolwezi mbele ya kuoza, bila kulipa kamyo bei ya kuumiza.

Mambo ya kudai ni matatu: treni isimame Mutshatsha na Kasaji kwa siku zinazojulikana, kuwe na wagoni ya mizigo ya raia, hata moja kwa kila safari, na depo ya kuweka mazao pale kituoni. Si vitu vya bei kubwa kuliko kubadilisha reli yenyewe. Lakini vikikosekana ndani ya mkataba wa kutengeneza upande wa Kongo, kuviingiza baadaye itakuwa kazi ngumu. Wadeputé wetu, administrateur wa teritware na wakubwa wa sheferi waulize SNCC na gavana sasa, kwa barua, kabla sahihi haijatiwa.