Godoro likilowa, bakora si dawa

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, choo na kunawa mikono. Leo tuzungumzie najisi ya godoro la mtoto, na hofu inayoweza kuwa nyuma yake.

Mama mmoja wa hapa kwetu Nyamagana alimleta kwangu mwanawe wa miaka tisa. Akasema: "Dokta, huyu aliacha kukojoa kitandani tangu ana miaka minne. Sasa ni mwezi wa tatu, kila siku nafua mashuka, hata pa kuswalia chumbani sina. Baba yake amemchapa mpaka amechoka." Nilimpima mkojo kuangalia maambukizi, kichocho na sukari. Nikauliza kama anapata choo vizuri, maana choo kigumu nacho hubana kibofu. Kote hakukuwa na tatizo. Hapo nikauliza swali moja tu: miezi mitatu iliyopita ni nini kilibadilika nyumbani? Mama akanyamaza, mtoto akainamisha kichwa.

Biashara ya baba ilikuwa imeyumba, na kila usiku ni ugomvi. Mtoto naye alikuwa amepandishwa darasa madrasa, kwa ustadhi ambaye anayekosea aya huchapwa mbele ya wenzake. Akirudi nyumbani anachapwa kwa sababu ya godoro. Huyu mtoto alale vipi kwa amani?

Ndugu msomaji, tutofautishe mambo mawili. Mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kupitisha usiku mkavu, mara nyingi ni suala la ukuaji tu, na aghalabu utakuta mzazi mmoja naye alikuwa hivyo. Lakini mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akarudia, huyo apimwe. Asipokutwa na ugonjwa, tutafute kilichomsibu: ugomvi wa wazazi, talaka, msiba, kuhama, vipigo, au mtu mzima anayemdhalilisha kwa siri. Hofu ya mtoto husemwa na mwili. Tumbo humuuma asubuhi ya shule na kupona Jumamosi. Kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, usiku hushtuka. Wapo wanaokimbilia kusema ni jini. Dua na ruqya ni kheri, sikatai, lakini tuikague na nyumba yenyewe.

Jambo hili limefanyiwa utafiti hapa hapa Tanzania. Mwanasaikolojia tiba Tobias Hecker na wenzake waliwahoji na kuwapima watoto 409 wa shule ya msingi. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Katika makala yao ya mwaka 2016 walieleza kwamba ukali wa malezi ulikwenda sambamba na hofu na huzuni za ndani kwa mtoto. Hofu na huzuni hizo nazo zilikwenda sambamba na udhaifu wa akili katika kushika mambo na kufanya vizuri shuleni. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hii, unaopima mara moja, hauwezi peke yake kuthibitisha kipi kilimtangulia kipi. Lakini unajibu ule msemo wetu: "Sisi tulichapwa, mbona tumekuwa watu?" Watafiti walikusudia kujua kama ukali unaumiza hata mahali ambapo kila mtu anauona ni kawaida. Wakakuta kuzoeleka kwake hakukuondoa uhusiano huo.

Watafiti hao hawakupima hifdhi ya Qur'an. Hilo nalisema mimi niliyekaa jamvini miaka saba. Akili inayoshika aya kwa muda mfupi ili ulimi uirudie, ndiyo hiyo hiyo inayotawanyika mtoto anapoitazama bakora. Nilikuwa naumwa tumbo kila alasiri kabla ya madrasa. Surat Mutaffifin niliyochapiwa, hadi leo nikiifikia nasitasita. Zile alizonifundisha bibi yangu jikoni huku akipepeta mchele, nazisoma bila kukwama.

Najua msomaji atauliza: je, Mtume (SAW) hakuelekeza mtoto aamrishwe swala akiwa na miaka saba, na achapwe akitimiza kumi asiposwali? Ndiyo, ameelekeza. Lakini tuhesabu. Kati ya saba na kumi ni miaka mitatu, na swala tano kila siku. Hizo ni zaidi ya mara elfu tano za kumkumbusha mtoto kwa upole kabla fimbo haijatajwa. Ni nani kati yetu aliyetimiza hata nusu? Na maulamaa wameweka masharti: isijeruhi, isiwe usoni, isipigwe kwa hasira. Fimbo ya baba aliyerudi na hasira za hasara ya sokoni haimo katika hayo.

Ama godoro, hukumu yake iko wazi zaidi. Tumefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Mtoto aliyekojoa usingizini ana nyudhuru mbili kwa mpigo. Ikiwa Allah (SW) hamwandikii dhambi, sisi tunamwadhibu kwa kosa gani? Tukumbuke pia yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (SAW). Masahaba walimkemea, Mtume (SAW) akawazuia, akamwacha amalize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Je, godoro letu limekuwa tukufu kuliko msikiti ule?

Kwa hiyo wazazi wenzangu, tufanye hivi. Mtoto anywe maji ya kutosha mchana, apunguze chai na soda jioni, na aende haja kabla ya kulala. Tandika nailoni chini ya shuka ili godoro lisilowe. Likilowa, lisafishwe kimya kimya, na mtoto aoge kabla ya kwenda shule. Usimbebeshe godoro nje majirani wakamwona, na usiruhusu nduguze wamwite kikojozi. Ugomvi wa wakubwa usifanyike mbele yake. Ukiona mkojo una damu au unauma, au ana homa, kiu kali na kukonda, au miguu kulegea, usisubiri, mlete kituoni. Hofu ikimzidi mpaka halali au haendi shule, omba rufaa. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si aibu wala si kuitwa mwehu.

Kwa maustadhi wangu, nasema kwa heshima ya mwanafunzi kwa walimu wake: inawezekana kufundisha bila bakora. Dk. Mabula Nkuba na wenzake, akiwemo Hecker huyo huyo, walifanya jaribio katika shule 8 za sekondari za serikali hapa nchini, matokeo yakatolewa mwaka 2018. Walimu waliopewa mafunzo ya siku chache ya kuelewana na watoto na kuwaadibu bila kupiga, walipunguza kuchapa kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Kamati za misikiti zetu zinaweza kuandaa mafunzo kama hayo kwa walimu wa madrasa.

Yule mtoto bado nipo naye. Mama amebadilika, na sasa kati ya siku saba, nne anaamka mkavu. Ustadhi alipofuatwa kwa adabu alisikiliza, akamhamishia safu ya mbele karibu naye. Baba hajafika kliniki hata mara moja. Makala haya nimeyaandika zaidi kwa ajili yake, na kwa akina baba wote ambao hawaji kwetu lakini gazeti hili wanalisoma baada ya Ijumaa. Ewe baba, usiku wa leo nenda kwa mwanao kabla hajalala, mkalishe karibu, mwambie hutamchapa tena kwa ajili ya godoro. Kisha itekeleze ahadi hiyo.

Allah (SW) atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na sisi tuwe kitulizo cha nyoyo zao. Wabillahi tawfiq.