Daftari Mkononi, Raba Miguuni

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya kijana ambaye baadhi yetu tunaye sasa, na wengine tutakuwa naye kesho: mtoto aliyeko chuoni na ambaye pia ni mwanamichezo. Pengine yuko jirani hapa, katika chuo cha ualimu Kasulu au Kabanga. Pengine yuko mbali, Dodoma au Dar es Salaam. Anacheza netiboli, mpira wa wavu au mpira wa miguu, au ni mkimbiaji. Nyumbani tunajivunia. Wageni wakija tunawaambia, "Yule wetu yumo katika timu ya chuo." Lakini je, tunajua siku yake inavyokwenda?

Siku ina saa 24 tu

Hebu tuihesabu pamoja. Mwanamichezo wa chuo huamka saa 11 alfajiri ili akimbie kabla ya wenzake kuamka. Sisi wa nyanda hizi za juu tunaijua baridi ya alfajiri ya mwezi wa Juni. Akirudi anaoga, anafanya usafi wa mazingira, anakunywa uji, anaingia darasani. Masomo yanakwisha alasiri. Saa 10 jioni yuko uwanjani mpaka jua linapozama. Baada ya chakula cha usiku wenzake wamekwisha kuanza kujisomea, naye ndiyo kwanza anafua jezi. Anafungua daftari saa 2 usiku huku macho yakifumba. Kazi ya kikundi inamsubiri, na wiki ijayo kuna mtihani. Analala saa 6 usiku. Kutoka hapo hadi saa 11 ni saa 5 tu.

Kijana wa umri huo anahitaji kulala saa 7 hadi 9 kila usiku. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Akiwa usingizini mwili hutengeneza misuli iliyochoka, na kichwa huhifadhi alichosoma. Kwa hiyo kijana anayeiba usingizi wake ili asome na acheze, mwisho hupata hasara kote kuwili.

Na mambo huzidi msimu wa mashindano, kama yale ya vyuo vya ualimu, UMISAVUTA. Timu inakaa kambini, inasafiri, inalala mahali pageni. Wenzake wanaendelea na vipindi. Akirudi anapewa daftari la rafiki anakili.

Huko Marekani, ambako michezo ya vyuo ni shughuli kubwa yenye fedha nyingi, waliona hatari hii. Mwaka 1991 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliweka mpaka: wakati wa msimu, mazoezi yasizidi saa 4 kwa siku na saa 20 kwa wiki, na siku 1 iwe ya mapumziko. Ikiwa wao wenye viwanja vya nyasi na madaktari wa timu waliona lazima kuweka mpaka, mtoto wetu anayekula ugali na maharage anahitaji mpaka huo zaidi.

Wawili waliotangulia

Tusidhani kwamba masomo na michezo haviendi pamoja. Mtanzania mwenzetu, Suleiman Nyambui, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso alipokimbia mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na kupata medali ya fedha. Ni yeye na Filbert Bayi peke yao walioiletea nchi yetu medali za Olimpiki, wote wawili katika mashindano hayo hayo. Baadaye Nyambui aliwafundisha wengine kukimbia.

Lakini yuko pia Henry Rono wa Kenya. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81. Dunia nzima ilishangaa. Miguu ile ilishangiliwa sana, lakini mtu mwenyewe alikuwa mbali na kwao, na pombe ikamtawala. Ilifika wakati akawa hana hata mahali pa kulala. Tunashukuru kwamba alisimama tena, akafundisha, akarudi kwao Kenya, na huko akafariki mwaka 2024. Maisha yake yatufundishe sisi wazazi kuuliza habari za mtoto mwenyewe kabla ya kuuliza habari za ushindi wake.

Yanayotuhusu sisi akina mama

Mtoto akipiga simu na kusema, "Naendelea vizuri, mama," tusikate simu hapo. Sisi wauguzi tunawaona wasichana wanaokuja wakilalamika kuchoka tu, na tukiwapima tunakuta damu imepungua. Msichana hupoteza damu kila mwezi. Akiongeza mazoezi makali na chakula kidogo, akiba inakwisha. Dalili zake ni kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja kuwa vyeupe, na hamu ya kula udongo au mchele mbichi. Apelekwe akapimwe, asinunuliwe dawa dukani kwa kukisia.

Dalili nyingine wasichana huificha. Anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo anaweza kukosa siku zake miezi kadhaa. Mama anapopata habari hii, mara nyingi jambo la kwanza ni kumshuku mimba na kumfokea. Mimba ipimwe, ndiyo. Lakini ikiwa hakuna, tujue kwamba mwili unalia njaa, na mifupa yake inaweza kudhoofika na kuvunjika kwa urahisi. Tumuulize kwa upole, naye atatueleza.

Chakula chetu cha Kigoma kinatosha kabisa kumjenga. Anaporudi chuoni tumfungie dagaa wakavu, karanga za kukaanga na maharage. Mawese mekundu yana vitamini A nyingi. Chungwa au papai likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Bali chai ya majani inywewe baadaye, maana ikifuatana na chakula huyazuia madini hayo.

Akiwa na homa asifanye mazoezi. Huku kwetu malaria haiishi. Apimwe, atibiwe, apumzike mpaka apate nguvu. Kama katika ukoo kuna ugonjwa wa seli mundu, daktari na mwalimu wa michezo waambiwe mapema. Akiteguka mguu asikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwa siku hiyo. Aupumzishe, auwekee kitambaa cha maji baridi, aufunge bendeji bila kukaza sana na kuuinua juu. Akishindwa kuukanyagia, aende hospitali.

Jambo moja tuliseme bila kuzunguka. Mwalimu wa mazoezi ndiye anayeamua nani asafiri na nani abaki. Walio wengi ni watu wema, kama wazazi. Lakini wapo wanaotumia uwezo huo kudai mwili wa msichana, na hata wa mvulana. Tumwambie mtoto kabla hajaondoka nyumbani: hakuna kuchuliwa misuli chumbani mlango ukiwa umefungwa, hakuna kuitwa peke yake usiku, na nafasi katika timu hailipiwi kwa heshima yake. Likitokea, aseme nasi kwanza, na ajue hatutamlaumu.

Likizo ni ya nani?

Mwisho, tujitazame wenyewe. Kijana mwanamume akirudi likizo tunasema, "Mwacheni apumzike, amechoka na mpira." Msichana mcheza netiboli akirudi, ndoo iko mlangoni, kuni hazijakatwa, maharage yanangoja kupigwa, na wadogo zake wote wanakuwa wake. Miguu yao imechoka sawasawa. Kazi za nyumbani ni malezi mema, hatusemi ziachwe. Tunasema zigawanywe kwa wote wawili, naye apewe siku chache za kulala mpaka ashibe usingizi.

Na baba wa nyumba akisema, "Aache michezo, asome," au akisema, "Acheze tu, atatutajirisha," tuketi naye tuzungumze. Wanaojipatia riziki kwa michezo ni wachache mno, na goti likiumia siku moja, yote yanakwisha. Cheti hakiteguki. Basi akishindwa kubeba vyote viwili, apunguze mazoezi kwanza, na aende mwenyewe kwa mlezi wa wanafunzi kuyaeleza hayo, sisi tukiwa nyuma yake.

Mama, jioni ya leo mpigie mtoto wako simu. Muulize amekula nini na amelala saa ngapi. Habari za magoli atakupa mwenyewe.