Tamko la wenye nyumba za wageni wa Orlando West, Soweto, kwa wasafiri wa Afrika Mashariki

Sisi wenye nyumba za wageni na waongoza wageni wa Orlando West na vitongoji jirani vya Soweto, Johannesburg, tuliozaliwa hapa na tuliohamia kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, tunatoa tamko hili kwa Kiswahili kwa sababu tunaowakusudia ni wasafiri wa Afrika Mashariki, mawakala wanaowapangia safari, na wenye mamlaka wa pande zote mbili.

Habari tuliyo nayo ni njema, na tunaitangaza kwa furaha. Mwezi Julai 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipokutana New Delhi, India, iliandikisha maeneo 14 ya Afrika Kusini yanayobeba historia ya haki za binadamu, ukombozi na maridhiano, chini ya jina la Nelson Mandela. Mitaa ya Orlando West imo. Kilichoandikishwa hapa si jumba lililozungushiwa uzio na kuwekewa mlinzi mlangoni. Ni mitaa yenyewe, ile waliyopita wanafunzi wakiandamana tarehe 16 Juni 1976, na ambayo hadi leo watoto wetu huipita kwenda shule.

Majirani zetu wa jiji hilihili wamo pia kwenye orodha. Ipo Constitution Hill, ngome ya zamani iliyogeuzwa gereza, walimofungwa Gandhi na Mandela kwa nyakati tofauti, na ambapo leo imejengwa Mahakama ya Katiba. Upo uwanja wa Walter Sisulu kule Kliptown, ndani ya Soweto, ambako Mkataba wa Uhuru ulipitishwa tarehe 26 Juni 1955. Lipo shamba la Liliesleaf, Rivonia, ambako polisi waliwavamia na kuwakamata viongozi wa harakati za ukombozi mwezi Julai 1963. Ukiongeza mapango ya Sterkfontein na eneo la Chimbuko la Binadamu, lililoandikishwa tangu 1999 na ambalo halizidi mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mjini, ni miji michache duniani inayoweza kumpa mgeni historia nyingi kiasi hicho katika siku chache.

Wageni wameanza kurudi. Afrika Kusini ilipokea takriban wageni milioni 8.9 kutoka nje mwaka 2024, na kama robo tatu yao walitoka katika nchi za Afrika. Novemba 2025 wakuu wa nchi za G20 walikutana Nasrec, ukingoni mwa Soweto, mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Nasrec ni jirani na uwanja wa FNB, ule uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia tarehe 11 Julai 2010. Mwaka 2026 ni miaka 50 tangu Juni 16, 1976. Vyumba ambavyo wakati wa korona vilikaa vitupu mwezi baada ya mwezi sasa vinaulizwa mapema. Mafundi wanaongeza vyumba nyuma ya nyumba, vijana wanasomea leseni ya kuongoza wageni, na wanawake waliokuwa wakipika kwa ajili ya misiba na harusi tu sasa wana wateja wa kila wiki.

Lakini neema hii haijatufikia inavyopaswa. Basi la watalii hutoka hotelini Sandton asubuhi, hushusha watu hapa kwetu Vilakazi Street, hukaa saa moja au mbili, kisha huondoka. Mgeni amepiga picha mbele ya nyumba ya Mandela, amenunua chupa ya maji, na fedha yake kubwa, ile ya kitanda, ya chakula cha jioni na ya usafiri, imebaki kulekule alikolala. Sehemu ya sababu ni usafiri. Treni ya Gautrain inamchukua mgeni uwanja wa ndege wa O. R. Tambo na kumfikisha Sandton kwa muda mfupi, lakini hadi leo haifiki Soweto. Mabasi ya Rea Vaya yanafika, tangu Agosti 2009, ila mgeni mwenye mabegi mawili na simu isiyo na laini ya hapa haanzi safari yake kwa kutafuta kituo cha basi mjini. Sehemu nyingine ya sababu ni mazoea ya mawakala, ambao kwao Soweto ni kipande cha nusu siku kinachowekwa kati ya duka kubwa na chakula cha jioni.

Nusu siku haitoshi, na si suala la biashara peke yake. Vilakazi Street inasifiwa kuwa mtaa walimoishi washindi wawili wa Nobeli ya Amani, Desmond Tutu wa 1984 na Mandela wa 1993, na sifa hiyo ni ya haki. Nyumba ya Mandela, namba 8115, ni ndogo kiasi kwamba kikundi cha watu kumi hulazimika kuingia kwa zamu. Ni tofali nyekundu, vyumba vichache, sakafu ya saruji, sawa na maelfu ya nyumba ambazo manispaa ya enzi ile iliwajengea wafanyakazi weusi. Mandela alihamia mwaka 1946, na alipotoka gerezani Februari 1990 alirudi palepale kwa siku 11 tu, kwa kuwa umati haukumwacha apumue. Haya mgeni anayasikia kwa mwongozaji. Asichokisikia kwa saa moja ni yale wanayosimulia wenyeji jioni, wakishakaa: nani alifungua mlango wake siku ile ya Juni 16 kuwaficha watoto waliokimbia risasi, nani alimtafuta mwanawe hospitali ya Baragwanath usiku kucha, nani hakumwona tena.

Wanafunzi wale walikuwa wakipinga kulazimishwa kusoma masomo yao kwa Kiafrikana. Polisi waliwafyatulia risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, alipigwa hapa Orlando West, na mpiga picha Sam Nzima akamnasa akiwa amebebwa mikononi na kijana Mbuyisa Makhubo, dada yake Antoinette akikimbia ubavuni. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Makhubo alikimbilia uhamishoni akiandamwa na polisi, na hakurudi. Makumbusho yenye jina la Hector, yaliyofunguliwa mwaka 2002, yako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumba zetu nyingi. Tunawashauri wageni waende asubuhi mapema kabla mabasi hayajafika, wakipitia kwa kina mama wanaokaanga magwinya kando ya barabara. Mtu wa Tanga au Mombasa akiyaonja magwinya atasema ni ndugu wa maandazi, ila hapa hupasuliwa katikati na kujazwa nyama ya kusaga, achari ya embe au vipande vya soseji ya polony, na hufungwa kwenye karatasi yakiwa ya moto. Pap tunayoila jioni kwa mchuzi wa chakalaka na mogodu haihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia ugali na matumbo.

Tunawaita wasafiri wa Afrika Mashariki kwa sababu nyingine nzito zaidi ya chakula. Baada ya Juni 1976 vijana kwa maelfu walivuka mipaka kwa siri, wengi kupitia Botswana, Swaziland na Msumbiji. Waliotaka kuendelea na masomo walipokelewa Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikipa chama cha ukombozi cha ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, nje ya mji wa Morogoro, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Watoto wa Soweto walisoma pale, wakalima, wakafyatua matofali, wakaugua malaria na kutibiwa na Watanzania, wakajifunza Kiswahili cha sokoni Morogoro. Baadhi yao wamezikwa palepale. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoratibu misaada kwa harakati zote za kusini, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994.

Kwa hiyo Mtanzania anayesimama Orlando West hatembelei historia ya watu wengine. Nusu ya pili ya habari hii iko kwao, na wengi wa vijana wetu hapa hawaijui. Hilo linatuuma. Kuna wazee Soweto ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili uso hubadilika, wanaanza kuulizia Morogoro, kama milima ya Uluguru bado inafunikwa na mawingu asubuhi. Mgeni akilala hapa, hupata nafasi ya kukaa na wazee hao.

Tunajua swali ambalo msafiri wa Nairobi au Dar es Salaam analo kabla ya kukata tiketi, nalo ni la usalama. Hatutalificha. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya Waafrika wageni yalianzia Alexandra, Johannesburg, yakasambaa nchini na kuua watu zaidi ya 60. Yalitokea tena 2015 na 2019, na hadi leo yapo makundi yanayowasumbua wahamiaji kliniki na sokoni. Baadhi yetu ni wahamiaji na tumeyaonja. Tunayalaani bila kusitasita. Mtu yeyote anayemfukuza Mwafrika katika mitaa iliyokombolewa kwa msaada wa Waafrika anaikana mitaa hiyo. Pamoja na hilo, tunasema tunachokiona kila siku: Vilakazi Street na barabara zinazoizunguka zina watu mchana na jioni, wenyeji wanawafahamu wageni wao, na nyumba zetu zinalindana. Uhalifu upo Johannesburg, nasi hatumwambii mgeni atembee peke yake usiku na simu mkononi. Tunamwambia atembee na mtu wetu.

Msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone tunauchukua kwa uzito, na ndiyo maana tumekubaliana mambo ambayo kila mwanachama wa umoja wetu atayatekeleza. Bei ya chumba itaandikwa kwa randi mahali inapoonekana, na itakuwa moja kwa Mwafrika na kwa Mzungu. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege usiku atapokewa na dereva anayejulikana kwa jina na namba ya gari aliyotumiwa kabla ya kupanda ndege. Mgao wa umeme uliotutesa vibaya mwaka 2023 umetulia sana, lakini maji bado hukatika katika vitongoji vya Johannesburg, kwa hiyo kila nyumba itakuwa na tangi la akiba. Anayewaongoza wageni awe na leseni. Mwanachama atakayemghilibu mgeni tutamtoa, na tutamjulisha mgeni kwamba tumemtoa.

Kwa Jiji la Johannesburg na serikali ya mkoa wa Gauteng tunasema haya kwa heshima. Cheti cha UNESCO kina masharti, na sharti la kwanza ni kutunza. Uwanja wa Walter Sisulu uliporwa na kubomolewa wakati wa ghasia za Julai 2021, na mgeni anayeupeleka moyo wake Kliptown kwa ajili ya Mkataba wa Uhuru huishia kuona madirisha yaliyong'olewa, huku wakazi wa mabanda ya jirani wakiishi bila vyoo vya kutosha miaka 70 baada ya mkataba ulioahidi makazi bora kwa wote. Haiwezekani eneo liwe urithi wa dunia kwenye karatasi na gofu machoni. Tunataka ukarabati wenye tarehe zinazotangazwa hadharani, na kazi hiyo wapewe vijana wa Kliptown. Tunataka taa za barabarani ziwake kati ya Orlando West na Kliptown. Tunataka pia wenye nyumba ndogo wasaidiwe kupata leseni, kwa kuwa gharama na urasimu wa sasa vimetengenezwa kwa ajili ya hoteli zenye mawakili.

Kwa serikali ya Tanzania na Chuo Kikuu cha Sokoine, tunaomba tuunganishe njia mbili. Makaburi ya Mazimbu na mitaa ya Orlando West yasimuliwe kama safari moja, waongozaji wetu waende Morogoro kujifunza na wa Morogoro waje hapa. Tuko tayari kuwapokea nyumbani kwetu bila malipo ya kitanda.

Kwa mawakala wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Mombasa: Mtanzania mwenye pasi ya kawaida haombi viza kwa matembezi mafupi, na tangu Januari 2023 Mkenya naye huingia bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Mkumbusheni abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano ikiwa anatoka katika nchi ambayo wasafiri wake hutakiwa kukionyesha, maana wapo waliorudishwa uwanja wa ndege kwa kukisahau. Mjulisheni pia kwamba Juni na Julai huku ni baridi kali, asubuhi huamka na umande ulioganda, na koti la Dodoma halitoshi.

Na kwako msafiri. Ukipanga safari ya Johannesburg, iwe ya biashara, ya matibabu, ya mkutano au ya mapumziko, mwambie anayekupangia aweke angalau usiku mmoja Soweto. Njoo Juni 16 kama unaweza, lakini weka nafasi mapema, kwa kuwa siku hiyo vitanda hujaa.

Limetolewa na wanachama, Orlando West, Soweto, Johannesburg.